Usitupe Mausi Iliyokufa, Roboti Inahitaji Jicho Lake

Wasee, tuache kudanganyana eti roboti ni za shule zenye pesa.

Roboti nyingi za wanafunzi hujua zimefika wapi kwa kuhesabu mizunguko ya magurudumu. Shida ni gani? Gurudumu likiteleza kwenye vumbi, linazunguka tu na roboti haiendi popote. Kwa hesabu zake imeenda mita mbili. Kwa macho yako iko palepale. Na GPS usiitegemee: ndani ya nyumba mawimbi yake ni dhaifu, na hata nje inaweza kukosea kwa mita kadhaa.

Sasa geuza mausi ya kompyuta. Ile taa nyekundu si urembo. Inamulikia kamera ndogo sana inayopiga picha zaidi ya 1,000 kwa sekunde. Chipu inalinganisha picha moja na inayofuata, inajua mausi imesonga upande gani na kwa kiasi gani. Ifunge chini ya roboti, sakafu inakuwa ndiyo meza. Gurudumu liteleze litakavyo, jicho linaangalia sakafu yenyewe.

Si miujiza lakini. Lenzi inataka kukaa karibu sana na sakafu, milimita mbili na kitu hivi. Ikiinuka kidogo, haioni vizuri. Kioo na tailsi za kung'aa huichanganya. Tena jicho moja halitoshi kujua roboti ikigeuka. Funga mawili: la mbele likisema kushoto na la nyuma likisema kulia, jua inazunguka. Na kwa sababu makosa madogo hujumlishana, irudishe mara kwa mara kwenye alama unayoijua.

Kinachoniuma ni ile katoni ya mausi mbovu kwenye kona ya maabara ya kompyuta, hairuhusiwi kuguswa, huku mtoto anaambiwa klabu ya roboti itangoja vifaa vinunuliwe. Vifaa si ndio hivyo? Kama kilichokufa ni kitufe tu, jicho bado liko sawa. Zile za zamani za plagi ya duara, PS/2, unazisoma na Arduino kwa nyaya mbili, ukiongeza za umeme.

Walimu, fungueni hiyo katoni. Mtoto akiharibu mausi iliyokuwa imeharibika, mmepoteza nini?