NYUMBA YA MFANYA KAZI NI YA NANI?

Ndugu wananchi wa Kibombo, na ninyi wachimba migodi wa Maniema,

Wazee wetu wanakumbuka kambi za kampuni wakati wa Wabelgiji. Mtu alipewa nyumba pamoja na kazi. Alipofukuzwa kazi alikunja mkeka wake, akatoka na watoto. Kwa hiyo aliogopa kusema. Nyumba ile ilikuwa kamba shingoni. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni iliunda ofisi ya OCA ya kujenga siti za Waafrika, ikajenga Léopoldville, Élisabethville na Bukavu. Lakini walioamua wapi pajengwe na kwa bei gani walikuwa Wazungu.

Tuwatazame jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Ndugu Rashidi Mfaume Kawawa alikuwa karani wa serikali. Mwaka 1955 vyama vya wafanya kazi vilipoungana katika TFL, yeye akawa katibu mkuu wa kwanza. Mwaka 1960 Nyerere alipounda serikali, akampa wizara ya Serikali za Mitaa na Nyumba. Januari 1962 Kawawa akawa Waziri Mkuu, na mwaka ule ule Shirika la Nyumba la Taifa likaanzishwa kwa sheria. Huko Magomeni, Dar es Salaam, vibanda vya udongo vikabomolewa, nyumba imara zikasimama mahali pake.

Hilo ni jema. Lakini kubomoa kibanda kimoja na kujenga nyumba moja hakuongezi nyumba, na fedha huisha upesi, hali watu wanazidi kuingia mjini. Mwaka 1972, Kawawa akiwa Waziri Mkuu tena, serikali ikageuza njia: watu wapimiwe viwanja, waletewe maji na barabara, wajenge wenyewe.

Tena liko neno zito zaidi. Mwaka 1962 serikali hiyo hiyo ya Kawawa ilitunga sheria za kubana migomo, na mwaka 1964 TFL yenyewe ikavunjwa. Mtu wa sendika alipokaa kitini, sendika ilipoteza sauti yake. Wakubwa walisema nchi changa haiwezi kuvumilia migomo. Sisi tunauliza: mfanya kazi akinyamazishwa, nani atamwambia waziri kwamba paa linavuja?

Kwa hiyo tunasema hivi. Tuwapeleke watu wetu serikalini, lakini sendika ibaki hai nyuma yao. Tusiombe nyumba ya kambi peke yake. Tudai kiwanja kilichopimwa, chenye hati kwa jina la mfanya kazi, hata akiacha mgodi kesho asihamishwe. Mwenye paa lake haogopi kusema kweli mbele ya mkubwa.

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Basi tusimsifu kiongozi kwa kuwa alitoka kwetu tu. Tuingie ndani, tuione kazi yake.