Ushuru wa mazao: wakulima Chala waulize matumizi

KATIKA Kata ya Chala, wilayani Nkasi, msimu wa mavuno ni msimu wa ushuru pia. Kisheria, ushuru wa mazao hulipwa na mnunuzi. Lakini mnunuzi naye ana hesabu zake. Anachotoa kizuizini hukifidia kwa kushusha bei shambani. Gunia la mazao likinunuliwa kwa Sh50,000, ushuru wa asilimia 3 ni Sh1,500. Kwa lori la magunia 100, ni Sh150,000.

Mwaka 2017 Serikali ilishusha kiwango cha juu kutoka asilimia 5 hadi 3, na kufuta ushuru kwa mzigo usiozidi tani moja unaosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Hivyo mkulima anayepeleka magunia tisa ya kilo 100 Sumbawanga mjini hapaswi kutozwa njiani.

Fedha hizo huingia Halmashauri ya Wilaya ya Nkasi. Madiwani hupitisha bajeti, na mkurugenzi anayeteuliwa na Rais huisimamia. Viongozi wa vijiji walichaguliwa Novemba 2024 na madiwani Oktoba 2025. Kusubiri miaka mitano ndipo waulizwe ni kuchelewa.

Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kufanyika kila miezi mitatu. Hapo ndipo pa kuuliza: ushuru wa msimu uliopita ulikuwa kiasi gani, na umejenga ghala lipi au barabara ipi? Diwani, ambaye pia ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, alete majibu kwa tarakimu.

Asiyehudhuria mkutano huo atakuwa amelipa, lakini wengine ndio watakaomwamulia.