NYUMBA NA JAMII: Kijana Asiye na wa Kumlipia Chuo

Matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yanapotangazwa nchini Uganda, nyumba nyingi za kambini na za laini za polisi hujaa vigelegele. Lakini ziko nyumba ambamo vigelegele hufuatwa na kimya. Humo yumo kijana aliyefaulu vizuri, ila baba amekwisha kufariki, au mama amestaafu na ana wadogo wanne wa kusomesha, au wazazi wametengana na kila mmoja anamwelekeza mtoto kwa mwenzake. Barua ya chuo imefika, na hakuna mkono wa kuipokea.

Mambo hayakuwa hivi siku zote. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliyebahatika kuingia Makerere alisomeshwa na serikali. Baadaye mlango ulifunguliwa kwa wanaojilipia. Elimu ya msingi bila karo ilipoanza mwaka 1997, na ile ya sekondari mwaka 2007, idadi ya wanaobisha hodi vyuoni iliongezeka sana. Nafasi za kulipiwa na serikali katika vyuo vikuu vya umma, ambazo kwa miaka mingi zimekuwa zipatazo 4,000 kwa mwaka, haziwezi kuwatosha wote.

Kosa la kwanza la kijana wa namna hii ni kuhesabu karo peke yake. Na ichukuliwe hesabu ya mfano tu. Karo ya muhula ni shilingi 1,200,000, na ada nyingine za chuo ni 350,000. Chumba cha shilingi 100,000 kwa mwezi, kwa miezi minne, ni 400,000. Muhula una wiki 17, yaani siku 119. Chakula cha shilingi 5,000 kwa siku kinafika 595,000. Nauli na karatasi zichukue 150,000. Jumla ni shilingi 2,695,000. Karo haifiki hata nusu yake. Ndiyo maana wengi huingia chuoni kwa harambee ya ukoo, wakalipa karo ya muhula wa kwanza kwa fahari, kisha wakashindwa na njaa katika muhula wa pili.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo ipimiwe mkopo wa serikali. Sheria ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu ilipitishwa mwaka 2014, na wanafunzi wa kwanza wakakopeshwa katika mwaka wa masomo wa 2014/2015. Mkopo huo umelenga zaidi masomo ya sayansi na ufundi. Mwombaji hutakiwa kuwa na wadhamini, na hulipa baada ya kumaliza masomo. Umewainua watoto wengi wa wanyonge. Lakini umewekwa kwa ajili ya karo, ada za chuo na utafiti. Chumba na chakula haumo. Kwa mfano uliotolewa, kijana aliyepata mkopo bado anadaiwa na tumbo na paa shilingi 1,145,000 kila muhula, yaani karibu 9,600 kila siku. Asiyejua zitatoka wapi hajamaliza hesabu. Wala asisahau kwamba kukopa harusi, kulipa matanga: mkopo ni deni, hata kama mdai ni serikali.

Kwa yatima wa askari kuna jambo la kutangulizwa kabla ya kubisha mlango wowote, nalo ni haki za marehemu. Mara nyingi malipo hukwama kwa sababu ukoo haujakubaliana nani awe msimamizi wa mirathi, wala hakuna aliyekwenda mahakamani kuomba barua za usimamizi. Miaka hupita, na kijana anauza maji mitaani huku haki ya baba yake imelala katika faili. Wajomba na baba wadogo wanaogombea kiti cha msimamizi wafahamu kwamba wanakula miaka ya mtoto.

Iko pia njia ndefu, ambayo wengi huionea haya bila sababu. Kwa muda mrefu wauguzi wengi wameanza na mafunzo ya cheti ya miaka miwili na nusu, wakaajiriwa, wakaweka akiba, kisha wakarudi kusomea stashahada kwa mwaka mmoja na nusu kwa fedha zao wenyewe. Mafundi na walimu nao wamepanda hivyo hivyo, ngazi moja baada ya nyingine. Anayekwenda hivyo humaliza akiwa amechelewa miaka michache nyuma ya wenzake, lakini ana kazi mkononi, na shamba la babu halijauzwa. Kuuza kibanja kinacholisha watu wanane ili mmoja asome mihula miwili ni kubomoa nyumba kwa ajili ya kupata kuni.

Fedha zikikatika katikati ya safari, kijana asitoroke. Aende ofisi ya msajili mapema, aombe kwa maandishi kuahirisha masomo, na nakala ya barua aihifadhi. Aliyeahirisha kwa utaratibu ana mahali pa kurudia. Aliyetoweka kimya huhesabiwa miongoni mwa walioacha.

Kwa binti, hatari ni kubwa zaidi. Mwanamume mwenye gari anayejitolea kulipa karo bila kutaka ajulikane nyumbani, hakuja kusomesha. Binti anayeingia mtego huo mara nyingi hana tamaa ya anasa. Analo deni la chumba na siku tatu zimebaki. Kumkaripia hakutoshi. Shangazi au jirani anayempa kitanda na sahani ya chakula karibu na chuo amemlinda kuliko anayempa mahubiri kutwa.

Hapo ndipo wajibu wa jamaa ulipo. Si kila ukoo unaweza kulipa milioni mbili, lakini ni koo chache zisizoweza kutoa gunia la mahindi na maharagwe kila muhula, au chumba cha uani, au sahihi ya mdhamini. Askari aliye mwanachama wa chama cha akiba na mikopo anaweza kumfundisha mtoto wa marehemu mwenzake kuweka akiba kabla hata hajamaliza sekondari. Kijana naye awaambie wakubwa ukweli wa hesabu yake tangu mwanzo, karatasi mkononi, badala ya kuwaletea kilio wiki ya mtihani. Anayejua kasoro ni shilingi ngapi huweza kusaidiwa. Anayesema tu kwamba hana kitu huishia kupewa pole.