Kabla ya Kuingia MRI, Nani Amekuuliza Maswali?

Tukianza kupiga stori za MRI hapa Kenya, mambo huwa ni mawili tu: mashine ziko wapi, na nani atalipa. Ni sawa, hayo ni maswali ya maana. Lakini kuna la tatu ambalo hakuna anayelipigia kelele mitandaoni, na ndilo linaloweza kukuumiza vibaya zaidi. Kabla hujalala kwenye ile mashine, kuna mtu amekaa nawe chini akakuuliza una chuma gani mwilini, kwa lugha unayoielewa?

Simtishi mtu. Julai 2025, mjini Westbury katika jimbo la New York, mwanamume wa miaka 61 aliingia chumba cha MRI akiwa na mnyororo mzito wa mazoezi shingoni. Hata hakuwa mgonjwa. Mkewe ndiye aliyekuwa amekuja kupigwa picha. Sumaku ilimvuta hadi kwenye mashine, na siku iliyofuata akafariki. Hiyo ni Marekani, ambako mashine hizi zimejaa kila mahali. Mashine haikuwa na hitilafu. Chuma kilipita mlangoni, basi.

Ile mashine hufanya nini hasa

MRI si eksirei kubwa. Eksirei na CT hutumia mionzi, MRI haitumii. Inatumia sumaku na mawimbi ya redio. Mwili wako umejaa maji, na ndani ya maji kuna hidrojeni. Sumaku huzipanga chembe za hidrojeni, mawimbi ya redio yanazisukuma kidogo, na zikirudi mahali pake zinatoa ishara ambazo kompyuta inazigeuza kuwa picha. Ndiyo maana daktari huitaka kwa ubongo, uti wa mgongo na goti la mchezaji lililopinda vibaya, sehemu ambazo eksirei inaonyesha mifupa tu.

Sumaku yenyewe si mchezo. Mashine nyingi ni za Tesla 1.5, nyingine Tesla 3. Hiyo ya 1.5 ina nguvu kama mara 30,000 ya sumaku ya dunia inayogeuza sindano ya dira. Na haizimwi jioni wafanyakazi wakienda nyumbani. Koili zake hukaa ndani ya heliamu iliyopoa hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri, na sumaku inabaki hai usiku kucha. Kwa hivyo ukiona mashine imenyamaza, usidhani imelala.

Sasa angalia ni nani wanaoingia

Fomu ya usalama inayotolewa kabla ya MRI huuliza mambo yanayofanana karibu kila mahali: una kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo? Umewahi kufanyiwa upasuaji wa kichwa? Una kifaa cha kusikia kilichopandikizwa? Una chembe za chuma machoni? Una risasi mwilini?

Ukiisoma fomu hiyo ukiwa ofisini Upper Hill, unajibu "hapana" mara tano unasonga. Lakini hebu isome ukiwa Kamukunji. Fundi wa jua kali anayechomelea vyuma tangu akiwa na miaka 15, mara nyingi bila miwani, anaweza kuwa na chembe ndogo ya chuma jichoni na hata hajui. Ndani ya ile sumaku chembe hiyo inaweza kusogea na kuharibu jicho. Ndiyo sababu mtu wa kazi hiyo huenda akapigwa eksirei ya macho kwanza, kisha MRI baadaye.

Ama chukua mtu wa bodaboda aliyeanguka miaka mitatu iliyopita akawekewa chuma mguuni. Vyuma vingi vya mifupa vya siku hizi havina shida, lakini wataalamu wanataka kujua ni cha aina gani na kiliwekwa lini. Yeye karatasi za hospitali zilishapotea akihama nyumba.

Halafu kuna hili ambalo hatupendi kulitaja. Tangu maandamano ya Juni 2024 ya kupinga Mswada wa Fedha, wako vijana wanaotembea na vipande vya risasi mwilini. Risasi ya madini ya risasi tupu haivutwi na sumaku, ila nyingine zina chuma ndani au kwenye ganda. Anayeweza kuamua ni mtaalamu, na ataamua tu akiambiwa. Sasa kijana anayeogopa kwamba jibu lake litafika polisi atajibu nini? Atasema hapana. Uoga wa mtaani umeshaingia chumba cha MRI.

Na si wanaume peke yao. Wigi yenye vibanio vya chuma, kope za sumaku, pini za nywele, vipuli, pete ya kitovu, sidiria yenye waya: vyote vinabaki nje. Tatoo nyingi hazina neno, ila baadhi ya wino una chembe za chuma na ngozi inaweza kupata joto. Vipodozi vinavyometameta pia vina mambo yao. Kama una koili ya kupanga uzazi, au huenda una mimba, sema. Hakuna anayekuhukumu.

Tunahesabu mashine, hatuhesabu maswali

Mwaka 2015 serikali ilianzisha mradi wa kukodisha vifaa vya matibabu kwa hospitali 98: mbili kwa kila kaunti, na nne za kitaifa. Kelele za miaka iliyofuata, hadi Seneti ikaunda kamati ya kuuchunguza, zilikuwa za bei na za vifaa vilivyokaa bila kutumika kwa sababu hakukuwa na wataalamu au mahali pa kuviweka. Somo lilikuwa wazi: kifaa bila mtu wa kukiendesha ni fanicha. Mimi naongeza kwamba MRI bila mtu mwenye muda wa kumuuliza mgonjwa maswali ni hatari kuliko fanicha.

Nilimsindikiza fundi wa mageti wa mtaani kwetu kwenda kupigwa picha ya mgongo, kituo fulani hapa Nairobi. Pale mapokezi alipewa fomu ya Kiingereza, kalamu, na neno moja: "Saini." Akasaini. Kilichomwokoa ni dada wa chumba cha picha, ambaye alimtazama mikono akamuuliza, "Mzee, wewe hufanya kazi gani?" Swali moja la Kiswahili likafanya kazi ambayo karatasi mbili za Kiingereza zilishindwa. Alitumwa eksirei ya macho kabla ya kitu kingine chochote. Akaniambia, "Mimi nilijua hiyo karatasi ni ya malipo."

Na sheria tunayo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa mambo haya, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Katiba nayo inakitambua Kiswahili kama lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kutafsiri fomu ya kurasa mbili hakuhitaji mkopo wa nje. Kunahitaji mtu aone kwamba ni muhimu.

Doh nayo ni sehemu ya maandalizi

Tusijidanganye, wengi hawafiki hata kwa fomu. Tangu Oktoba 2024 NHIF ilipoondoka na SHA kuingia, wasee wengi wamejisajili wakaona wamemaliza. Kujisajili si kulipa. Usajili pekee unakufikisha kwa huduma za msingi za zahanati na kituo cha afya. MRI iko upande wa bima yenyewe, ile ya asilimia 2.75 ya mapato, na chini kabisa shilingi 300 kwa mwezi. Aliyeajiriwa hukatwa kila mwezi. Wewe wa kibarua unatakiwa ulipe ya mwaka mzima, na ndiyo maana wengi hukumbuka SHA wakiwa tayari kwa machela. Kwa hivyo kabla ya siku yenyewe uliza mambo matatu: akaunti yangu iko hai? Kituo hiki kimeidhinishwa kwa MRI? Wakitoza zaidi ya kiwango cha SHA, tofauti ni ngapi?

Siku yenyewe

Picha nyingi hazihitaji ukae njaa, ila ya tumbo au ya kudungwa dawa ya kung'arisha picha huenda ukaambiwa usile kwa saa kadhaa. Kama una shida ya figo, taja kabla ya hiyo dawa. Simu, funguo, mshipi, sarafu na kadi ya benki unaacha nje. Utalala kwenye kitanda kinachoingia kwenye shimo refu, na mashine itagonga kama mtu anayevunja ukuta. Wanakupa vizibo vya masikio. Dakika 20 hadi saa moja, bila kujitingisha, kwa sababu ukisogea picha inaharibika. Kuna kitufe cha kubonyeza ukizidiwa. Kama nafasi finyu zinakuogofya, sema mapema. Kusema si uoga, na kuna njia za kukusaidia.

La mwisho ni hili. Ukipewa fomu usiyoielewa, usisaini. Mwambie mhudumu, kwa heshima, "Dada, nisomee kwa Kiswahili." Kama unamsindikiza mama, mjomba au jirani, msomee wewe, moja baada ya jingine, na umuulize amewahi kufanya kazi gani maishani. Na wenye hospitali, za umma na za kibinafsi: hiyo sumaku mmeinunua kwa mamilioni. Maswali hayana bei. Yaulizeni vizuri.