Bei Isiyobadilika ya Umeme na Gesi: Tunanunua Nafuu au Tunanunua Utulivu?

 

Wiki hii safu yetu inajibu swali lililotufikia kutoka kwa familia ya kwetu iishiyo Leicester, Uingereza. Muuzaji wao wa umeme na gesi amewaletea mkataba wa mwaka mmoja wenye bei isiyobadilika. Mume anataka watie saini haraka, kwa kuwa majirani wamekwisha kufanya hivyo. Mke anasema kwamba anayejifunga leo atajuta bei ikishuka kesho. Wana watoto wanne, kipato cha mume hutegemea zamu anazopewa kazini, akiba hawana, na kila mwezi hutuma fedha kwa mama mzazi aliyeko Tanga. Wanauliza: ni nani kati yao aliye sahihi?

Tumeona swali hili lijibiwe hadharani, kwani si la nyumba moja. Familia nyingi zinazosoma gazeti hili zina watoto au ndugu huko London, Leicester na Birmingham. Fedha zinazotumwa nyumbani kwa ada za shule na matibabu hutoka katika mfuko uleule unaolipa bili ya gesi. Bili ikipanda kule, anayepunguziwa mara nyingi ni mzee aliye huku.

Kwa msomaji wa Tanzania Bara yafaa tueleze kwanza. Sisi tunanunua umeme wa LUKU kutoka TANESCO kwa bei iliyoidhinishwa na EWURA. Hatuna muuzaji wa pili wa kumkimbilia. Uingereza wauzaji ni wengi, na mwenye nyumba huchagua. Mbele yake zipo njia mbili kuu. Ya kwanza ni bei inayobadilika, ambayo katika England, Scotland na Wales ina ukomo unaowekwa tangu Januari 2019 na mamlaka ya usimamizi iitwayo Ofgem. Ukomo huo sasa hubadilishwa kila baada ya miezi mitatu. Njia ya pili ni mkataba wa bei isiyobadilika, aghalabu wa mwaka mmoja au miwili.

Kinachofungwa na kisichofungwa

Wengi hutia saini wakidhani kwamba bili yao imefungwa. Sivyo. Kinachofungwa ni vitu viwili: bei ya kila uniti, na ada ya kila siku inayolipwa hata kama hukuwasha taa. Idadi ya uniti haikufungwa. Nyumba inayowasha joto usiku kucha italipa zaidi ya inayolizima, ingawa zote mbili zina mkataba mmoja.

Ukomo wa Ofgem nao ni hivyo hivyo. Kiasi cha paundi kinachotangazwa redioni ni makadirio ya nyumba ya matumizi ya kawaida, ambayo kuanzia Oktoba 2023 ilihesabiwa kuwa uniti 2,700 za umeme na 11,500 za gesi kwa mwaka. Nyumba yenye watoto wanne na bibi mgonjwa anayehitaji joto mchana kutwa inaweza kuvuka kiasi hicho kwa mbali, na hakuna aliyevunja sheria.

Kosa jingine ni kuchanganya bei iliyofungwa na makato ya benki yaliyo sawa kila mwezi. Mtu huona akikatwa paundi 160 mwezi baada ya mwezi akasema, "Mimi bei yangu haibadiliki." Hayo ni makadirio ya mwaka yaliyogawanywa kwa 12 tu. Muuzaji akiona matumizi yamezidi au bei imepanda, atayaongeza. Vilevile, mkataba unaoahidi kubaki chini ya ukomo kwa kiasi fulani si bei iliyofungwa. Ukomo ukipanda, nao hupanda.

Yaliyojiri mwaka 2021 hadi 2024

Tuangalie yaliyowapata watu, maana huko ndiko hatari zote mbili zilikoonekana. Oktoba 2021 ukomo kwa nyumba ya matumizi ya kawaida ulikuwa paundi 1,277 kwa mwaka. Aprili 2022 ukafika 1,971. Tarehe 26 Agosti 2022 Ofgem ikatangaza kwamba kuanzia Oktoba utakuwa 3,549. Sababu kubwa ilikuwa bei ya gesi katika soko la jumla, iliyoanza kupanda mwaka 2021 kisha ikaruka tena baada ya Urusi kuivamia Ukraine Februari 2022. Nyumba nyingi za Uingereza hupata joto kwa gesi, na hata bei ya umeme mara nyingi huamuliwa na mitambo inayotumia gesi.

Waliokuwa wamefunga bei kabla ya wimbi hilo walipata stara kubwa. Lakini si wote. Wauzaji zaidi ya 25 walifilisika katika kipindi hicho, wengi wao kwa kuwa waliwaahidi wateja bei ya chini bila ya kuwa wamenunua mapema gesi na umeme wa kutosha kutimiza ahadi. Wateja hawakukatiwa umeme, wala fedha zao zilizobaki kwa muuzaji hazikupotea, kwani Ofgem iliwahamishia kwa muuzaji mwingine. Ila ile bei waliyofungiwa ilikufa pamoja na aliyeifunga. Hivyo ahadi ya bei ina nguvu kwa kadiri ya nguvu ya muuzaji, na bei iliyo chini mno kuliko ya wote yapaswa kuulizwa maswali.

Kundi la pili ni la waliofunga kwa hofu. Mwezi ule wa Agosti 2022, watu walipoambiwa 3,549, wengine walikimbilia mikataba ya bei ya juu ili waepuke ya juu zaidi. Hazikupita wiki mbili. Tarehe 8 Septemba serikali ikatangaza kwamba kuanzia Oktoba itafidia bei, ili nyumba ya matumizi ya kawaida ilipe kiasi cha paundi 2,500 kwa mwaka. Waliofunga bei nao walipunguziwa kwa kila uniti, lakini si wote walioshuka hadi walipofika majirani zao. Kisha Julai 2023 ukomo ukawa 2,074, na Aprili 2024 ukawa 1,690. Aliyejifunga kwa miaka miwili alimwona jirani akilipa pungufu yake, na kama mkataba ulikuwa na ada ya kujitoa, kutoka nako kulikuwa na gharama.

Katika makundi hayo mawili, hakuna aliyekuwa mpumbavu wala aliyekuwa na ilimu ya ghaibu. Waliofunga mwaka 2021 hawakujua kwamba vita vinakuja. Waliofunga Agosti 2022 hawakujua kwamba serikali itaingilia kati. Swali la "bei itapanda au itashuka?" haliwezi kujibiwa na baba wala mama, na hata wanaoishi kwa kufanya biashara ya gesi hulikosea.

Swali lililo ndani ya uwezo wetu

Mtume (SAW) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia matunda kabla ya mavuno, kwa muda wa mwaka na miaka miwili. Hakuwakataza. Aliwaelekeza kwamba anayefanya hivyo afanye kwa kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Mkataba wa umeme si salam, kwani hapa malipo hufuata matumizi, na mambo ya hukumu tunawaachia masheikh. Lakini funzo lake linatufaa. Watu wa Madina hawakutakiwa wajue bei ya tende ya mwakani. Walitakiwa wajue wanachokubaliana.

Basi anayefunga bei afahamu kwamba ananunua utulivu. Pengine utulivu huo huja na nafuu juu yake, pengine huja kwa gharama. Ajiulize mambo mawili: utulivu huu ni paundi ngapi, na nyumba yangu inauhitaji kiasi gani?

La kwanza hupatikana kwa hesabu. Chukua uniti za mwaka mzima kutoka katika taarifa ya muuzaji. Usitumie bili ya mwezi mmoja wa kiangazi, kwani gesi nyingi huliwa na miezi ya baridi. Tuseme, kwa mfano tu, nyumba inatumia uniti 4,000 za umeme na 15,000 za gesi, na mkataba unaoletwa unazidi bei ya sasa kwa peni 2 kila uniti ya umeme na nusu peni kila uniti ya gesi. Umeme utazidi kwa paundi 80, gesi kwa paundi 75. Jumla paundi 155 kwa mwaka, yaani takriban 13 kwa mwezi. Hiyo ndiyo bei ya utulivu. Kisha linganisha ada ya kila siku ya pande zote mbili, maana wako wanaopunguza uniti wakaongeza huko.

La pili hujibiwa na hali ya nyumba. Tuseme bili ya mwaka ni paundi 2,400 na bei ikapanda kwa asilimia 10. Hilo ni ongezeko la paundi 240, yaani 20 kila mwezi. Je, nyumba yaweza kuzibeba? Mwenye akiba ya miezi michache anaweza kukaa na bei inayobadilika, akafurahia ikishuka na akastahimili ikipanda. Lakini kama paundi 20 hizo zitamsukuma kwenye kadi ya mkopo wa riba, au zitawafanya watoto walale na baridi, basi kulipa 13 zinazojulikana ni busara, hata kama mwisho wa mwaka itadhihirika kwamba bei haikupanda.

Masharti ya kusomwa kabla ya saini

Mkataba usomwe wote, lakini mambo haya yasipitwe.

Ada ya kujitoa. Hii ndiyo bawaba ya mkataba mzima. Usipokuwa na ada hiyo, hatari ya kujifunga ni ndogo, kwani bei ikishuka unaondoka. Ukiwa nayo, uliza kama inatozwa mara moja au mara mbili, yaani kwa umeme na kwa gesi, kisha uitie katika hesabu yako. Katika siku 49 za mwisho wa mkataba muuzaji haruhusiwi kuitoza.

Siku 14 za kufikiri. Mkataba uliofungwa kwa simu, kwa intaneti au mlangoni unaweza kuuvunja ndani ya siku 14. Siku hizo zitumike kusoma na kushauriana.

Kuhama nyumba. Mpangaji ambaye hana hakika kama atakuwa hapo mwaka mzima aulize kwa maandishi kama mkataba utahama naye au utamtoza.

Mwisho wa muda. Mkataba ukiisha nawe umenyamaza, utaingizwa katika bei ya kawaida inayobadilika. Tia alama katika kalenda wiki saba kabla.

Anayepiga simu. Wako matapeli wanaojifanya wauzaji na kuhimiza uamue papo hapo. Kata simu, kisha upige mwenyewe namba iliyo katika bili yako. Na ukishakubaliana, hifadhi nakala. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Hatuna udhuru wa kupuuza maandishi.

Jibu letu

Kwa ndugu zetu wa Leicester tunasema hivi. Mume amepatia katika kutafuta utulivu, lakini majirani si hoja. Hawana watoto wake wala zamu zake. Mke amepatia kwamba bei yaweza kushuka, lakini kuogopa majuto si mizani. Kwa nyumba isiyo na akiba, yenye kipato kisichotabirika na mama anayetegemea kutumiwa, kufunga bei kwa mwaka mmoja ni jambo la busara, kwa masharti matatu: tofauti na bei ya sasa iwe ndogo kwa hesabu ya uniti zao wenyewe, ada ya kujitoa iwe ndogo au isiwepo, na muda usizidi mwaka. Likikosekana mojawapo, wabaki na bei inayobadilika, na katika miezi ya kiangazi waweke kando kidogo kwa ajili ya baridi.

Wakae wawili, waweke bili mezani, wafanye hesabu pamoja. Wakishaamua kwa shura, asiwepo wa kumwambia mwenzake baadaye, "Lau ungenisikiliza." Mtume (SAW) ametuonya juu ya neno hilo, kwamba hufungua mlango wa kazi ya shetani. Uamuzi hupimwa kwa yale yaliyojulikana siku ulipofanywa.

Tunamuomba Allah (SW) azitie baraka riziki za familia zetu zilizo karibu na zilizo mbali, na azijaalie nyumba zetu joto la mapenzi na maelewano. Amin.

Wabillahi tawfiq.