Wiki ya Sindano: Kanga ya Bibi imekatwa

Haya wapenzi, kwa nyote mliokuwa mkiuliza tangu kipindi kile cha mirathi: ndiyo, kanga ya Bibi imekatwa. Hakuna aliyenuna, na simu za Muscat bado zinapokelewa. Ila kukata hakukuwa kazi ngumu ya wiki hii. Kazi ngumu ilikuwa kufua.

Kwanza hali ya meza yangu. Kuna kwilti ya mtoto, mfuko wa mikono kwa ajili ya nyumba ya wazee, pweza wanne wa kufuma, na kofia ya kaka ambayo haitamalizika Idi hii, msiniulize. Kwilti, kwa wageni wa safu hii, ni lile shuka nene la viraka: juu vipande vilivyounganishwa, katikati pamba, chini kitambaa kizima, halafu tabaka zote tatu zinashonwa pamoja. Kamusi zina neno mfarishi, zuri kweli, lakini nyumbani sijawahi kumsikia mtu akilitumia, kwa hiyo mie nasema kwilti kama mama zetu wa Jumamosi.

Pweza ni wa watoto njiti hospitalini. Mtindo huu ulianza Denmark mwaka 2013: mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati anapewa pweza mdogo wa uzi wa pamba, anashika miguu yake badala ya kuvuta mipira ya hewa na chakula. Wanasema ile miguu ya kujisokota inamkumbusha kitovu cha mama yake. Kabla hujafuma, piga simu hospitali uulize, maana si zote zinazopokea, na zinazopokea zina masharti yake ya uzi, ya kufua kwa maji moto na ya urefu wa miguu. Mama akiwaona wamepangwa mezani husema wanakosa ndimu na pilipili tu.

Kofia naipitia haraka. Ni ya vito, yaani unatoboa vijitundu na kukizungushia uzi kimoja kimoja, duara la juu na mshipi wa pembeni. Oman wanaiita kumma. Anayekuuzia ya mkono kwa bei ya chai anakudanganya, kazi hii inakula miezi.

Sasa kanga. Bibi alipofariki mwaka juzi, doti moja ilikuja London ndani ya begi la Mama, nyekundu na nyeupe, na jina lake ni JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Jina, kumbuka, ndiyo yale maandishi. Pindo ni ule mpaka unaozunguka, na mji ni pale katikati. Khalati wa Muscat anapata mjukuu wake wa kwanza, na wazo langu lilikuwa mtoto huyo alalie kitu cha mama wa bibi yake. Lakini nguo za marehemu ni mali ya warithi, hata iwe kanga. Mie mjukuu, mama yangu yuhai, sina fungu. Ilibidi niombe ruhusa tatu. Mjomba wa Unguja alijibu kwa sauti ya sekunde nne: "Kateni, mie sivai kanga." Khalati alichukua siku mbili. Mama alichukua wiki nzima, na alikuwa chumba cha pili tu.

Hapo katikati msikilizaji mmoja akatutumia ujumbe kwamba kukata kanga ni kuharibu mila. Hebu tumjibu, maana wengi wanafikiri hivyo. Habari inayosimuliwa zaidi kuhusu asili ya kanga ni hii: karne ya 19, wanawake wa Unguja na Mombasa walikuwa wakinunua leso za mkononi zinazouzwa kwa jora, bado hazijatenganishwa. Wakakata tatu tatu, wakaunganisha safu mbili, leso sita zikawa nguo moja ya kujifunga. Neno leso lenyewe ni la Kireno, na Mombasa mpaka leo kanga ni leso. Ile duka maarufu ya Biashara Street, ya Kaderdina Hajee Essak, yenye alama ya Mali ya Abdulla, inahesabu miaka yake tangu 1887. Kwa hiyo kanga ilizaliwa kwa mkasi na sindano. Anayetaka kuitetea mila dhidi ya mkasi achague nguo nyingine.

Mama hakuwa na shida na mkasi. Jumanne usiku alikuja akasimama mlangoni: "Kata mwanangu. Lakini usiifue."

Hapo ndipo palipokwama. Kwilti ya mtoto bila kufua kitambaa kwanza haiwezekani. Pamba hupungua, na nyekundu ya kanga hutoa rangi: nilipaka maji kitambaa cheupe nikakibonyeza kwenye pindo, kikatoka cha waridi. Ukiunganisha hivyo hivyo, siku ya kwanza ya kufuliwa kwilti nzima inakuwa ya waridi. Na mtoto anatia kila kitu mdomoni. Hayo yote Mama anayajua, ameshona maisha yake yote. Alichokuwa anakiogopa ni ile harufu. Doti ile haijawahi kufuliwa tangu Bibi aivae mara ya mwisho. Ina udi, ina asmini, na ina kitu cha tatu ambacho sote tunakijua na hakina jina. Kuna usiku Mama huifungua begi, akainusa, akafunga. Sikuwa nalijua hilo mpaka wiki hii.

Sikubishana naye. Nilimtumia Khalati ujumbe, nikamweleza, bila kutia chumvi. Akajibu alfajiri ya kwao: doti ni kanga mbili, moja ifuliwe ikatwe, ya pili isiguswe na maji, na hiyo ya pili akae nayo dada yake. Yaani Khalati alisamehe fungu lake. Mwishoni akaongeza kwa kicheko, "Lakini nikija London nitainusa, mwambie asiifiche."

Jumatano Mama akafua mwenyewe. Hakutaka mashine. Beseni, maji baridi, mara tatu mpaka maji yakatoka meupe. Mie nilikaa jikoni nikafuma mguu mmoja wa pweza mrefu kupita kiasi, nikaufumua.

Baada ya hapo kazi ikaenda. Kwa wanaotaka kujaribu: kanga ni nyepesi, hucheza chini ya mkasi, kwa hiyo ipige wanga na pasi kabla ya kupima. Nimekata miraba ya sentimita 12. Ukishaunganisha nane kwa nane unapata kama sentimita 86 kila upande, inatosha mtoto. Jina sikulikatakata. Ukikata ovyo utabaki na mraba unaosema TAMAA peke yake, na mtoto wa watu ataulizwa maswali. Nimelitoa refu zima, nikaliwekea kitambaa cheupe huku na huku, likawa safu moja kamili. Halafu piga bandi, ile mishono mirefu ya muda, tabaka zote tatu, kabla ya kwenda kwenye cherehani. Usiiruke bandi hata kama una haraka. Na mtoto asifunikwe kwilti usingizini kabla ya kutimiza mwaka, ushauri wa afya hapa Uingereza uko wazi. Hii ni ya kuchezea sakafuni.

Zilibaki kona mbili za pindo, na zimeingia kwenye mfuko wa mikono. Mifuko hii ni ya wazee wenye ugonjwa wa kusahau: bomba la kufuma la sufu, mzee anaingiza mikono huku na huku, na ndani na nje kuna vifungo, riboni, zipu, vitu vya kuchezea vidole visihangaike. Kuna bibi mmoja wa watu wetu katika nyumba ya wazee ninayopeleka. Kiingereza kimemtoka chote, kimebaki Kiswahili. Mfuko wa kwanza niliompelekea aliuweka chini kwa adabu kabisa, kama mtu anayerudisha mzigo usio wake.

Mama ndiye aliyesema, "Tia fundo." Si mnajua fundo, ile kona ya kanga ambayo bibi zetu hufungia pesa. Basi nimeshona kona moja ya kanga ining'inie, ndani yake kifungo kikubwa kilichoshikiliwa kwa uzi mara nyingi kisiweze kutoka, nikalifunga fundo juu yake.

Ijumaa tulikwenda pamoja. Yule bibi alipapasa sufu, hakujali. Vidole vikafika kwenye fundo, vikasimama. Akalifungua, polepole, akakigusa kifungo, akalifunga tena. Kisha akamuuliza Mama nauli ya kwenda Darajani siku hizi ni kiasi gani. Mama akamwambia ni ile ile.

Kona ya pili nimeiweka kwa mfuko mwingine. Wahudumu wanasema wako wazee wengine wawili wa kwetu ghorofa ya juu, kwa hiyo mwenye kipande cha kanga ya pamba tupu, ya zamani, iliyolainika, aje nacho Jumamosi. Mpya zina wanga mwingi, hazishiki fundo.