Mawazo na kilo za mama: vita ni moja, mbona huyu anakonda na yule ananenepa?

Mama akionekana amekonda huku kwetu Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia, maulizo yanaanza hata salamu haijaisha. Uko mugonjwa? Bwana alikuacha? Ni mawazo? Lakini akiongeza kilo, watu wanafurahi: maisha inamukubali. Kilo za mwanamke tunazisoma kama habari ya nyumba yake. Njo maana mama aliyeambiwa na munganga apunguze uzito juu ya tansio ao sukari anaogopa midomo ya watu kuliko ugonjwa wenyewe.

Tangu mwanzo wa mwaka 2025 mambo yamekuwa magumu zaidi. Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza, Bukavu katikati ya mwezi wa pili. Benki za Goma zikafunga milango, uwanja wa ndege pia, na kambi za wakimbizi pembeni ya muji zikabomolewa. Huko Beni na Ituri, mama anatoka kwenda shamba bila kujua kama atarudi. Katika hali hiyo hiyo, kuna mama ambaye liputa inamuzunguka mara mbili, na jirani yake, anayekula mara moja tu kwa siku, tumbo linaongezeka. Huyu wa pili wanasema anakula kwa kujificha.

Kabla ya kumuhukumu, tuangalie mwili unafanya nini. Risasi zikilia, mwili unatoa adrenalini: moyo unapiga mbio, tumbo linajifunga, hamu ya chakula inapotea. Hiyo ni ya muda mufupi. Lakini woga ukikaa wiki na miezi, homoni nyingine inaitwa kortizoli inabaki juu. Inapandisha sukari katika damu, inaamsha hamu ya vitu vya sukari na mafuta, na inasukuma mafuta yakae tumboni. Na mutu aliyelala masaa 4 tu anaamuka na njaa kubwa kuliko aliyelala masaa 8. Sasa, kwa franga kidogo, unapata nini haraka? Chai ya sukari mingi na mandazi, halafu bugali kubwa usiku. Kwa wengine, huzuni inafunga hamu kabisa, na wanakonda. Mawazo ni yale yale, miili inajibu tofauti.

Jambo linalotusikitisha zaidi ni vidonge. Wanawake wengi, kwa kuogopa kuitwa wenye kukonda, wananunua deksametazoni ao siproheptadini bila karatasi ya munganga, ili wanenepe. Deksametazoni ni dawa ya kweli, inaokoa watu hospitalini. Lakini ni ndugu wa karibu wa ile kortizoli. Maana yake mama anakimbia kuonekana mwenye mawazo, na anameza kitu kinachofanya mwilini kazi ile ile ya mawazo. Uso unajaa, tumbo linatoka, sukari na tansio vinaweza kupanda, mifupa inakuwa dhaifu. Na aliyeitumia miezi asiiache siku moja tu: mwili umesahau kujitengenezea homoni yake, anaweza kuzimia, hata kufa. Munganga atamupunguzia kidogo kidogo.

Kwa yule anayetaka kupunguza, OMS inaonyesha kwamba kiuno cha mwanamke kikipita sentimeta 88, hatari ya magonjwa ya moyo na sukari inapanda sana. Kupunguza nusu kilo kwa wiki inatosha. Bugali ipungue, maharagi, lengalenga na sambaza viongezeke, mawese ipimwe kwa kijiko. Kushinda njaa mchana na kulipiza usiku hakusaidii. Akikosa siku mbili asiseme «nimekwisha haribu». Aendelee siku ya tatu. Tena kumucheka mama munene hakumukondeshi, kunamuongezea mawazo, na mawazo yanamurudisha kwenye sukari. Kuhusu michezo ya asubuhi, ushauri huo waliuandika watu ambao hawasikii risasi saa kumi na moja. Kwenda soko kwa miguu pamoja na wenzako mchana, hiyo pia ni mazoezi.

Kichwa nacho kinaweza kusaidiwa bila hospitali kubwa. Huko Uganda, katika kambi ya Rhino, wanawake wakimbizi wa Sudani Kusini walikutana mara tano, vikundi vya watu hadi 30, wakisikiliza sauti zilizorekodiwa zikiwafundisha namna ya kutuliza roho. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2020 yalionyesha mateso ya roho yalipungua. Hawakupimwa kilo, lakini likelemba zetu na vikundi vya kanisa ni watu hao hao, wamekaa pamoja tayari.

Na yule anayekonda bila kutaka? Mama wa kilo 70 akipoteza kilo 3 na nusu ndani ya miezi sita, wakati hajabadilisha kitu, aende kituo cha afya wamupime kifua kikuu, sukari na VVU. Asikubali jibu la «ni mawazo» mbele ya vipimo hivyo, hata kama mawazo kweli anayo.